Barua kwa Rehema: madoa meupe kwenye tangi lako la samaki

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi kutoka Dar. Barua yako nimeisoma mara mbili, na picha nimezitazama kwa makini. Umeuliza kama umtoe yule neoni, samaki wako mdogo mwenye madoa, umtibu peke yake kwenye ndoo. Usimtoe. Sababu nitakupa, ila kwanza, kabla hujatia kitu chochote, pima amonia na naitraiti, sumu zinazotokana na uchafu wa samaki. Zote zinatakiwa zisome 0. Zikiwa juu, samaki hutweta karibu na uso wa maji, na hapo tiba ya kwanza ni kubadilisha maji.

Madoa ya neoni wako yamekaa mojamoja kama chembe za chumvi, hayafiki hata milimita moja, na wale samaki wengine, plati, unasema wanajisugua kwenye mawe. Hiyo ni iki, ugonjwa wa madoa meupe. Lakini hakikisha: zima taa, mulika ubavuni kwa tochi. Ukiona vumbi laini la dhahabu, huo ni velveti, ugonjwa mwingine. Ukiona utando mweupe mdomoni au mgongoni, shuku bakteria, na joto usiliguse, maana hao hushamiri majini pakiwa na joto.

Sasa sababu. Kile kidoa ni mdudu aliyejichimbia chini ya ngozi ya samaki anakula, na huko dawa haimfikii. Akishiba anatoka, anadondoka kwenye changarawe, anajifungia ndani ya gamba na kujigawa hadi watokee mamia ya wadogo. Hao wadogo wana takriban siku mbili za kuogelea wakitafuta samaki, wasipompata wanakufa. Ni katika muda huo tu ndipo tunawaweza. Kwa hiyo kinachotibiwa ni tangi zima. Ukimtoa neoni mmoja, umewaacha maadui kwenye changarawe pamoja na wenzake wote.

Tangi lako ni sentimita 80 kwa 35, na maji juu ya changarawe ni kimo cha 34: hiyo ni kama lita 95. Tia gramu 2 za chumvi kwa kila lita, jumla gramu 190. Pima kwa mizani, kijiko kinadanganya. Gawa mafungu matatu, moja kila baada ya saa 12, na kila fungu liyeyushe kwanza kwenye jagi la maji ya tangini. Koridora, wale kambare wadogo wa chini, hawaipendi chumvi, ndiyo maana nakuambia uende polepole. Chembe isiwadondokee mgongoni. Chumvi ya kawaida isiyo na viungo inafaa.

Joto lipandishe nyuzi 1 kila baada ya saa chache mpaka 30. Hapo mdudu anashindwa kuendelea kuzaana. Kwa baridi ya Arusha ya Julai, hita yako ya wati 100 haitafika. Tafuta ya 200 na ufunike tangi. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, kwa hiyo pampu ya hewa ifanye kazi usiku na mchana. Umeme ukikatika, teka maji kwa kikombe uyamwage kutoka juu, tena na tena.

Kila baada ya siku mbili nyonya uchafu wa changarawe kwa mpira, utoe lita 24. Maji unayorudisha yawe yameondolewa klorini, yana joto lilelile, na yana gramu 48 za chumvi. Hapa wengi hukosea: maji yaliyopotea kwa mvuke yajazie bila chumvi, kwa sababu chumvi haipai pamoja na mvuke.

Siku ya tatu au ya nne huenda madoa yakaongezeka. Usishtuke, ni wale waliokuwa wamekwishaingia kabla. Baadaye yatatoweka ghafla, na hapo ndipo pa hatari hasa, kwani wengi huzima hita wakidhani wamemaliza, kumbe mdudu yuko chini anajigawa. Hesabu siku 7 kamili tangu kidoa cha mwisho, ndipo ushushe joto kidogokidogo na kuipunguza chumvi kwa kubadilisha maji.

Ikifika siku ya tano na neoni bado wanazidiwa, utahitaji dawa ya malakaiti, ile ya kijani ya kuua vimelea. Toa mkaa kwenye filta, la sivyo mkaa huo utainyonya dawa yote. Neoni na koridora wape nusu ya kipimo cha kwenye chupa, na joto lirudi 26 kwanza. Vaa glavu.

Wale plati wapya uliowamwaga moja kwa moja tangini ndio ninaowashuku. Wageni wengine wakae kwenye chombo chao wiki nne, wawe na wavu wao na mpira wao. Wavu ulionao sasa uanike juani ukauke kabisa.

Nitumie vipimo vya amonia na naitraiti leo jioni, na picha ya ubavu wa neoni ukimmulika kwa tochi.

Wako,
Zuhura