Antibiotiki zisiuzwe kwa kipimo cha mfuko

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi tunaofanya kazi katika maduka ya dawa mjini Kisumu tunaliona kila siku, na ambalo limezoeleka kiasi kwamba hakuna anayelistaajabia tena. Jambo lenyewe ni uuzaji wa antibiotiki kwa kadiri ya pesa alizo nazo mnunuzi, badala ya kadiri ya ugonjwa alio nao.

Anayetaka kulishuhudia na asimame jioni karibu na baadhi ya maduka ya dawa mitaani, kuanzia Kondele hadi Nyalenda, wakati watu wanatoka kazini. Mteja anafika dirishani, anapitisha noti ya shilingi hamsini kwenye wavu na kusema, "Nipe za koo za hamsini." Aliye ndani haulizi koo ni la nani, limeanza kuuma lini, wala kama kuna homa. Anachukua karatasi ya tembe za rangi mbili, anakata nne kwa makasi, anazitia katika bahasha ndogo na kuandika juu yake 1×3. Kipande kinachorudi kwenye boksi ndicho chenye jina la dawa na tarehe ya mwisho ya kutumika. Mteja anaondoka na dawa asiyoijua jina, ya siku moja na kitu, kwa ugonjwa ambao haujapimwa, na homa ikirejea kesho kutwa atakwenda duka jingine apewe dawa nyingine.

Sitaki nieleweke vibaya. Mwenye hamsini hiyo si mjinga wala si mkaidi. Mara nyingi ni mama aliyetoka sokoni Kibuye na faida ndogo ya mboga, anayejua kwamba akienda hospitali atakaa kwenye foleni tangu asubuhi na siku hiyo hatauza kitu. Ninachosema ni kwamba hamsini ile aliyoitolea jasho haimnunulii uponyaji. Antibiotiki huwaua bakteria au huwazuia wasizaliane, na kazi hiyo huchukua siku kadhaa. Virusi haiwagusi kabisa, hata mtu akimeza boksi zima. Mafua, kikohozi kingi cha msimu wa baridi na sehemu kubwa ya maumivu ya koo huletwa na virusi, na hupona kwa mapumziko, vinywaji vya moto na dawa ya kutuliza maumivu. Sheria ya Famasia na Sumu, Sura ya 244, haikuziweka dawa hizi chini ya maagizo ya daktari kwa ajili ya kumsumbua mnyonge. Ni kwa sababu lazima mtu mwenye ujuzi aamue kwanza kama kuna bakteria, kisha ni dawa ipi inayomfaa mgonjwa huyo, kwa uzito wake na kwa siku ngapi.

Koo lenyewe ni mfano mzuri wa ugumu huo. Kwa watoto, hasa wa kati ya miaka 5 na 15, baadhi ya maumivu ya koo husababishwa na bakteria aitwaye streptokoka, na yasipotibiwa yanaweza kuzaa homa ya baridi yabisi inayoharibu vali za moyo maisha yote. Tiba yake ya kawaida ni pensilini ya kumeza kwa siku 10. Mtoto wa aina hiyo akipewa tembe nne, koo litapoa, mzazi atashukuru, na hatari itabaki palepale. Mwenzake mwenye koo la virusi akipewa tembe nne zilezile, atakuwa amemezeshwa dawa bure. Kwa macho tu kupitia wavu wa dirisha, hakuna muuzaji anayeweza kuwatofautisha wawili hao.

Homa nayo, huku kwetu kando ya Ziwa Viktoria, ni ya kupimwa malaria kwanza. Kipimo cha tone la damu ya kidoleni hutoa jibu katika muda wa dakika 15 hadi 20, na vijijini wapo wahamasishaji wa afya ya jamii wanaokifanya nyumbani kwa mgonjwa. Malaria haitibiwi kwa amoksilini, ambayo ni antibiotiki ya ukoo wa pensilini. Nina wasiwasi mkubwa zaidi kuhusu homa ya matumbo, yaani taifodi, kwa kuwa wengi wanaoambiwa wanayo huambiwa hivyo kwa kipimo kimoja cha damu kiitwacho Widal, ambacho kinaweza kuonyesha dalili kwa mtu aliyeugua zamani au mwenye maambukizi mengine kabisa. Kipimo cha kutegemewa ni kuotesha damu katika maabara, ambacho huchukua siku kadhaa. Mtoto anayeharisha maji, kwa upande wake, anahitaji ORS, yaani maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo maalumu, na tembe za zinki kwa siku 10 hadi 14, wala si antibiotiki ya Flagyl anayopewa kwa mazoea. Akiharisha damu, apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa.

Sasa nirudi kwenye ile bahasha na maandishi yake ya 1×3. Wengi wetu huyasoma kwamba ni tembe moja asubuhi, moja mchana na moja usiku, kufuata milo, na asiyekula mchana huiruka ile ya mchana. Maana yake hasa ni kila baada ya saa nane. Amoksilini inayomezwa saa kumi na mbili asubuhi hufuatiwa na ya saa nane mchana, kisha ya saa nne usiku, kwa sababu mwili huitoa haraka kupitia mkojo, na kiwango chake kwenye damu kikishuka mno bakteria waliosalia hupata nafasi ya kuzaliana. Waliosalia ndio wale waliostahimili dawa zaidi. Baadhi ya bakteria wanaweza kugawanyika kila baada ya dakika 20 mazingira yakiwa mazuri kwao, na wengine huweza kupitishiana chembe za urithi zinazobeba usugu huo, hata wakiwa si wa jamii moja. Aliyesahau tembe na aimeze mara akumbukapo, isipokuwa wakati wa inayofuata umekaribia. Asimeze mbili kwa pamoja kufidia. Wala asiache dawa siku ya pili kwa kuwa amepata nafuu. Siku za dawa hutofautiana, nyingine 5, nyingine 7, za kifua kikuu mara nyingi miezi 6 au zaidi, na mwenye kuzipunguza awe ni yule aliyeziandika.

Mambo haya yalijulikana mapema mno. Alexander Fleming, aliyegundua pensilini mjini London mwaka wa 1928, alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka wa 1945 alieleza katika hotuba yake kisa cha kubuni cha bwana mmoja mwenye maumivu ya koo, aliyejinunulia pensilini na kumeza kidogo tu, kiasi kisichotosha kuua bakteria bali kuwafunza kuistahimili. Bwana huyo akamwambukiza mkewe, mke akapata nimonia, akatibiwa kwa pensilini ileile, akafa. Kila niwazapo "za koo za hamsini" namkumbuka mke yule. Watafiti wa kimataifa walikadiria kwamba mwaka wa 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu ya moja kwa moja ya bakteria sugu, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyoumia zaidi.

Kwa mwenye dawa alizoandikiwa kihalali, yako mengine ya kuuliza kabla hajaondoka dirishani, maana kila dawa ina masharti yake. Anayemeza Flagyl ajiepushe na pombe, iwe bia, busaa au chang'aa, hadi siku tatu zipite baada ya dozi kwisha, asije akatapika na kupigwa na moyo. Siprofloksasini haipatani na maziwa, mala wala dawa za kiungulia, kwa kuwa kalsiamu na madini mengine huishika tumboni isiingie kwenye damu. Doksisaiklini imezwe kwa gilasi nzima ya maji mtu akiwa ameketi au amesimama, asilale kwa muda wa nusu saa, la sivyo inaweza kuchoma umio. Nayo huifanya ngozi iungue upesi juani, jambo ambalo mvuvi wa Dunga au mwendesha bodaboda anapaswa kuambiwa waziwazi. Mjamzito aseme kuwa ni mjamzito, hata kama mimba ni changa na haijatangazwa kwa watu. Anayetumia dawa za virusi vya UKIMWI, za kifua kikuu au za kisukari aseme pia.

Aliyewahi kuvimba midomo, kutokwa na vipele au kubanwa na pumzi baada ya pensilini asimeze amoksilini, kwa sababu hizo ni dawa za ukoo mmoja. Mtu akianza kutoka malengelenge mwilini na vidonda mdomoni au machoni akiwa kwenye antibiotiki ya Septrin, aiache papo hapo na kukimbilia hospitali usiku uleule, asisubiri asubuhi.

Dawa za maji za watoto ndizo zinazonihuzunisha zaidi. Unga ulio ndani ya chupa huchanganywa na maji yaliyochemshwa yakapoa, hadi kwenye alama, si chini wala juu yake; chupa hutikiswa kila mara kabla ya kupima, na kipimo kiwe kile kikombe au bomba lililokuja na dawa, maana vijiko vya jikoni havilingani. Nyingi hazifai tena baada ya siku 7 tangu zichanganywe, na joto la Kisumu huziharibu upesi zaidi. Hata hivyo nimeona chupa ya mtoto wa kwanza ikitunzwa dirishani miezi mitatu ili aje anyweshwe mdogo wake. Kwa nimonia, kwa bahati njema, ziko tembe za amoksilini zinazoyeyuka katika maji safi kidogo au maziwa ya mama, ambazo hazihitaji jokofu. Mzazi ahesabu pumzi za mtoto akiwa ametulia: 50 au zaidi kwa dakika kwa mwenye miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa mwenye mwaka mmoja hadi mitano, ni dalili ya kumpeleka kituoni mara moja, na kama kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, asisite hata kidogo.

Maombi yangu ni mawili. Serikali ya kaunti iviwezeshe vituo vyake vya mitaani kufanya kazi hadi saa mbili usiku, vikiwa na vipimo vya malaria na mkojo, kwa kuwa wateja wanaokuja kwetu na hamsini huja jioni, baada ya vituo kufungwa. Na Bodi ya Famasia na Sumu, inapokagua maduka, isitosheke na kuiona leseni ukutani, bali iangalie pia karatasi za antibiotiki zilizokatwakatwa ndani ya maboksi na kuuliza maagizo yake yako wapi. Kwa wenzangu wa dukani nasema hivi: asiye na agizo la daktari tumweleze aende wapi, na mwenye agizo tumpe dozi kamili, tuandike kwenye bahasha jina la dawa, saa za kumeza na siku ya mwisho ya dozi. Kama pesa zake hazitoshi, tumpigie simu aliyemwandikia tumuulize kama ipo nyingine ya bei nafuu itakayomtibu. Simu hiyo haichukui hata dakika tano, na ni sehemu ya kazi tuliyosomea.

Mhudumu wa duka la dawa,
Kondele, Kisumu