Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Sita

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Daktari Bingwa wa Upasuaji,
Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana shuleni kwetu. Tunajua umewaacha wagonjwa wodini, hivyo salamu tumezifupisha.

Mgeni Rasmi, mwaka huu klabu yetu ilishughulika na mada moja tu: nyongo. Wenzetu wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) walitucheka. Aliyewahi kuchinja kuku anajua nyongo ni ya kutoa taratibu isipasukie ini, yakaishia hapo. Hata sisi wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) tuliijibu kwa mstari mmoja: hutengenezwa na ini, huvunjavunja mafuta. Tulichukua nyongo ya ng'ombe machinjioni, tukaitikisa na mafuta ya alizeti, tukaona kweli yanasambaratika kama yametiwa sabuni.

Kilichotufanya tuendelee ni wagonjwa wa upasuaji wa kupunguza uzito. Mwaka 1995, Walter Pories na wenzake wa Chuo Kikuu cha East Carolina, Marekani, walitoa taarifa ya wagonjwa 608 waliofanyiwa baipasi ya tumbo. Kati ya waliokuwa na kisukari aina ya pili, zaidi ya wanane katika kila kumi sukari yao ilirudi kawaida, na mara nyingi ilianza kushuka siku chache tu baada ya upasuaji, kilo zikiwa bado hazijapungua sana.

Katika baipasi, tumbo hufanywa dogo na chakula hurukishwa mwanzo wa utumbo mwembamba. Nyongo hushuka peke yake na kukutana nacho huko chini. Kwa kawaida, takriban asilimia 95 ya asidi za nyongo, yaani viambato vyake vinavyosambaratisha mafuta, hufyonzwa mwishoni mwa utumbo mwembamba na kurudi kwenye ini. Njiani hugusa vipokezi viwili, yaani sehemu za seli zinazopokea ishara. Kimoja, TGR5, huzichochea seli za utumbo kutoa homoni ya GLP-1, inayoliamsha kongosho kutoa insulini na kupunguza hamu ya kula. Kingine ni FXR, ambacho kupitia homoni ya FGF19 huliambia ini lipunguze kutengeneza nyongo. Baada ya baipasi, asidi hizi huongezeka katika damu.

Jaribio lililotushangaza zaidi ni la panya, la mwaka 2015. Tumbo halikuguswa kabisa. Kibofu cha nyongo kiliunganishwa na mwisho wa utumbo mwembamba. Panya wakapungua uzito na sukari yao ikatengemaa. Mwaka mmoja kabla, watafiti wengine waliwakata panya sehemu ya tumbo, aina nyingine ya upasuaji wa kupunguza uzito. Wale waliozaliwa bila FXR hawakunufaika kama wenzao. Kwa maoni yetu, kusema upasuaji huu unafanya kazi kwa sababu tumbo limekuwa dogo ni kusema nusu ya habari.

Hata hivyo hatuipi nyongo sifa zote. Kwa wagonjwa wengi, ongezeko la asidi zake katika damu huonekana wazi baada ya miezi, ilhali sukari hushuka mapema. Siku zile za kwanza, kula kidogo na GLP-1 vina mchango mkubwa. Tena panya si binadamu.

Mgeni Rasmi, changamoto yetu kubwa ni jokofu. Nyongo huharibika haraka, na mpishi wa shule amekataa katakata kuiweka na nyama kwenye jokofu lake. Hatumlaumu.

Tunaomba mambo mawili. Kwanza, jokofu dogo la maabara, hata lililotumika. Pili, uje siku nyingine tukuulize maswali, hasa hili: kwa nini wanaopungua uzito haraka hupata vijiwe vya nyongo, na kwa nini baadhi yao hupewa dawa ambayo yenyewe ni asidi ya nyongo? Tumesoma jibu vitabuni, lakini tungependa kulisikia kwa mtu aliyekishika kibofu hicho kwa mikono yake.

Tunaomba kuwasilisha.