Kuhamisha tairi la trela la boti si kuliponya

Mhariri,

Katika ukurasa wenu wa ushauri, msomaji mmoja alilalamika kwamba matairi mawili ya trela lake la boti yanakula upande wa ndani ilhali upande wa nje ungali na kashata (meno ya tairi) nzima. Alijibiwa kwa ufupi kwamba ahamishe la kulia liende kushoto, la kushoto liende kulia, kisha aendelee na safari zake. Naomba nafasi ya kupinga jibu hilo, kwa kuwa miaka michache iliyopita nilipewa ushauri kama huo na fundi, nikaufuata, na mwishowe nikanunua matairi manne pale ambapo mawili yangetosha.

Kwanza, njia hiyo haifanyi hata kile inachodai kufanya. Rimu ya trela ina uso mmoja tu wa kutazama nje. Ukilifungua gurudumu la kulia ukalifunga kushoto, uso huo bado utatazama nje, na ukingo wa tairi uliokuwa ndani utabaki ndani, ukiendelea kuliwa kama kawaida. Ili ukingo huo utoke nje, ni lazima tairi livuliwe kwenye rimu, ligeuzwe na kuvishwa upya. Na hata hapo utakuwa umeupeleka ukingo mzima mahali palepale mwenziwe alipoangamia.

Jambo la pili ndilo linalonisikitisha zaidi. Namna tairi lilivyoisha inaeleza kasoro iko wapi, na maelezo hayo hupotea mara tu magurudumu yanapofunguliwa na kuviringishwa pembeni pamoja na mengine. Kabla jeki haijaguswa, mwenye trela achukue chaki aandike kwenye kila tairi lilikuwa upande gani, ekseli (mhimili unaoshika magurudumu) ipi, na ukingo upi ulitazama ndani. Kisha apitishe kiganja juu ya meno ya tairi kutoka ukingo hadi ukingo, akienda na kurudi. Kiganja kikiteleza vizuri kikienda na kukwaruzwa kikirudi, tairi hilo halikuwa likiviringika tu, bali lilikuwa pia likiburutwa kwa ubavu, maana yake magurudumu hayatazami mbele sawasawa. Likiwa na mabonde yanayopishana kama ubao wa kufulia, yafaa kushuku beringi iliyolegea au gurudumu lisilo na mizani. Likiwa na kipara mahali pamoja tu, breki iling'ang'ania.

Upepo nao una alama zake, na hapa wengi wetu hukosea kwa mazoea ya gari dogo. Tairi lenye upepo haba huisha kingo zote mbili, na lililojazwa kupita kiasi huisha katikati. Matairi yaliyotengenezwa mahususi kwa matrela, yenye herufi ST mwanzoni mwa kipimo chake, mara nyingi huhitaji psi 50, 65 au hata 80 kulingana na daraja lake la mzigo, na mtu aliyezoea kujaza psi 30 hulijaza nusu tu akidhani amemaliza kazi. Kipimo kichukuliwe tairi likiwa baridi, kabla ya safari, kwa sababu joto la barabarani huongeza upepo na kumdanganya mpimaji.

Lakini msomaji wenu hakusema kingo zote mbili. Alisema upande wa ndani, kwa magurudumu yote mawili, na hilo lilipaswa kumstua aliyemjibu. Dalili hiyo kwa kawaida humaanisha ekseli imebonyea katikati. Mzigo ukizidi uwezo wake, au trela likitumbukia shimoni kwa kasi likiwa limebeba boti, ekseli hupinda kuelekea chini, ncha zake mbili huinuka, na sehemu za juu za magurudumu huinamiana kwa ndani. Tangu hapo uzito wote hubebwa na ukingo wa ndani. Ekseli nyingi hutengenezwa zikiwa zimepinda kidogo kwenda juu kusudi mzigo uzinyooshe, kwa hiyo kulitazama trela likiwa tupu hakutoshi. Liwekwe mahali tambarare, boti ikiwa juu na tangi limejaa, kisha kamba ya timazi (yenye kitu kizito nchani) iteremshwe kando ya uso wa nje wa gurudumu na umbali wake na rimu upimwe juu na chini. Kama ni gurudumu moja tu lililoinama, basi huenda ncha ya ekseli upande huo iligonga ukingo wa barabara, na mzigo hauhusiki.

Kwangu mimi timazi ilionyesha wazi kwamba magurudumu yote mawili yameinama, na mizani ikanieleza sababu. Uzito ulioandikwa kwenye karatasi za boti ulikuwa wa boti tupu. Lita 200 za petroli peke yake ni kilo 150 hivi, na nilikuwa sijahesabu betri mbili, nanga na mnyororo wake, masanduku ya vifaa, wala maji yaliyotuama chini ya sakafu. Fundi wa kwanza alitaka kuichoma moto ekseli ili ainyooshe. Nashukuru nilikataa, kwani chuma kilichopashwa moto namna hiyo hupoteza nguvu. Zipo karakana zinazonyoosha kwa mashine bila moto, ila ekseli iliyopinda kwa kuzidiwa na mzigo itapinda tena chini ya mzigo uleule. Nilifunga yenye uwezo mkubwa zaidi, baada ya kuhakikisha kwamba fremu, springi na matairi navyo vinaumudu uzito huo, na baada ya kilomita 100 za kwanza nikarudia kukaza bolti zenye umbo la U pamoja na nati za magurudumu. Bolti mbili zilikuwa zimeanza kulegea.

Ekseli ikionekana nzima, upimaji haujaisha. Gurudumu liinuliwe, lishikwe juu na chini, litikiswe. Likicheza, beringi ikaguliwe. Trela la boti huumia hapa kuliko trela jingine lolote: habu (kitovu cha gurudumu) iliyopata joto safarini huzamishwa ghafla kwenye maji, hewa iliyomo ndani husinyaa na kuyavuta maji kupitia sili iliyochoka, na baada ya miezi michache grisi hugeuka kama uji mweupe huku kutu ikiitafuna beringi. Vilevile tairi lizungushwe likiwa hewani na kuchorwa mstari katikati yake, kisha likishushwa, umbali kati ya mistari ya magurudumu mawili upimwe mbele na nyuma kwa kimo cha habu. Tofauti ikizidi milimita 3 hivi, magurudumu yanaburutana.

Kwa trela la ekseli mbili nina la kuongeza. Kukwaruzika kiasi wakati wa kukata kona kali ni kawaida yake na hakuna fundi atakayekuondoa. Kisicho kawaida ni ekseli kutokuwa sambamba, jambo linalotokea pini ya katikati ya springi inapokatika na ekseli ikateleza. Umbali kutoka kiungio cha mbele hadi ncha mbili za kila ekseli ndio utakaolifichua. Aidha, kama trela linatumia ekseli zenye mpira ndani yake badala ya springi za mabapa zilizounganishwa, ekseli hizo hazigawani mzigo zenyewe. Mkono wa kuvutia ukikaa juu mno, matairi ya nyuma hubeba zaidi. Ukiinama, ya mbele ndiyo huteseka. Dawa yake ni kurekebisha kimo cha kiungio kwenye gari hadi trela lilale sawa na ardhi.

Sipingi kila namna ya kuhamisha matairi. Baada ya kasoro kupatikana na kurekebishwa, tairi lililoliwa kidogo laweza kugeuzwa kwenye rimu likamalizia maisha yake, mradi nyuzi za ndani hazijachungulia na umri wake haujapita. Tarakimu 4 za mwisho za namba ya ubavuni hutaja juma na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019, na tairi la trela linaloshinda juani bila kutembea huzeeka kashata zake zikiwa bado ndefu.

Ninachoomba, Mhariri, ni kwamba jibu lile lisahihishwe katika ukurasa uleule lilipochapishwa. Msomaji aliyeuliza huenda hadi sasa anavuta boti juu ya ekseli iliyopinda, akiwa amekwisha kuhamisha matairi na kuamini kwamba tatizo limekwisha.

Msomaji wenu, mwenye trela.