Mtoto asome kitabu chenyewe, ndipo aandike

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonikosesha raha kila ninaposahihisha mitihani ya Kiingereza ya kidato cha pili, nikiamini kwamba wazazi, walimu wenzangu na viongozi wa elimu hapa Dodoma watalitazama kwa uzito unaolistahili. Ninafundisha somo hilo katika shule ya sekondari ya kata wilayani Chamwino, na huu ni mwaka wangu wa 13 darasani.

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu 68 swali kuhusu mhusika mkuu wa kitabu cha hadithi tulichokuwa tumekimaliza: waeleze ni mtu wa namna gani, na watoe ushahidi kutoka katika hadithi yenyewe. Karatasi 59 zilirudi na jibu moja. Sisemi majibu yanayofanana. Nasema jibu moja, neno kwa neno na mkato kwa mkato. Katika sentensi ya tatu neno moja lilikuwa limekosewa tahajia kwa namna ileile katika karatasi zote hizo, nami nilipofungua daftari langu la maandalio nikalikuta kosa hilo kwa mwandiko wangu mwenyewe. Nilikuwa nimeliandika ubaoni wiki sita kabla, wao wakalinakili, wakalikariri, wakanirudishia kama nilivyowapa. Nilikaa na rundo lile la karatasi mpaka giza likaingia, kwa sababu nilitambua kwamba sikuwa nimepima chochote walichosoma. Nilikuwa nimepima jinsi walivyoyahifadhi maneno yangu.

Wanafunzi hao siwalaumu hata kidogo. Kitabu tulichotumia kilikuwa na nakala tisa kwa darasa zima, yaani nakala moja kwa watoto saba au wanane, na mbili kati ya hizo tisa zilikuwa zimeng'oka kurasa za mwisho. Mwalimu mwenye nakala tisa hufanya lile analoliweza: huisimulia hadithi kwa kifupi, kisha huandika ubaoni wahusika, dhamira, mandhari na mafunzo, na darasa zima huinama likinakili. Anayekosa kipindi hununua mjini kijitabu cha uchambuzi, ambacho ni chembamba na bei yake ni nafuu kuliko ya kitabu chenyewe, na humo hukuta kila dhamira imekwisha kutafutwa kwa niaba yake. Mtoto anaweza kufika kidato cha nne akitaja dhamira za vitabu vinne ambavyo hajapata kuvishika mkononi.

Tukumbuke mtoto huyu ametoka wapi. Wengi wa wanafunzi wangu huzungumza Kigogo nyumbani. Shule ya msingi wameisoma kwa Kiswahili, kama ilivyo katika shule za serikali tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na Kiingereza wamekutana nacho kama somo moja miongoni mwa mengine. Siku wanapoingia kidato cha kwanza, biolojia, jiografia na hisabati vyote hugeuka kuwa vya Kiingereza, na kila somo huja na msamiati wake wa kukariri. Kwa mtoto wa namna hiyo, kitabu cha hadithi ndicho mahali ambapo lugha hii ngeni humjia ikiwa na watu ndani yake, watu wenye njaa, wivu, aibu na matumaini, hata akaitaka lugha yenyewe kwa kuwa anataka kujua yaliyowapata. Tukimwondolea watu hao tukambakizia orodha ya dhamira, hadithi inakuwa somo jingine la istilahi.

Baada ya mtihani ule niliamua kujaribu njia nyingine kwa muhula mmoja, na naomba niieleze kwa kirefu kidogo, kwa kuwa haikuhitaji fedha. Nilichagua hadithi fupi ya kurasa sita kuhusu kijana anayekwenda mjini na fedha ambazo baba yake amezipata kwa kuuza dume la ng'ombe, kisha akazipoteza. Niliwasomea kwa sauti katika kipindi pacha, polepole, nikisimama kila ukurasa. Nilipofika mahali kijana anapogundua kwamba mfuko wake ni mtupu, nilifunga kitabu. Tukaanza kuzungumza, na niliwaruhusu wazungumze kwa Kiswahili. Darasa ambalo kwa kawaida husubiri niseme mwenyewe lilibishana kwa dakika 20 kama kijana yule arudi kwa baba yake au asirudi. Ndipo nikawataka waandike mistari kumi kwa Kiingereza, kila mmoja peke yake, bila kitabu na bila ubao, kuhusu mtu mwingine yeyote wa hadithi ile ambaye mwandishi hakutueleza habari zake.

Msichana mmoja anayekaa safu ya nyuma, ambaye tangu kidato cha kwanza sikuwahi kumsikia akijibu swali bila kuitwa, aliandika kuhusu siku ya kuuzwa ng'ombe. Vitenzi vyake vyote vilikuwa katika wakati uliopo ingawa jambo lilikwisha kupita, na neno kamba hakulijua kwa Kiingereza, akaliacha hivyo hivyo kwa Kiswahili katikati ya sentensi. Lakini aliandika kwamba baba alimuuza ng'ombe usiku ili mama asione machozi yake. Nilipoisoma sentensi hiyo mbele ya darasa, kwa idhini yake, mvulana mmoja anayetoka katika familia ya wafugaji alipinga papo hapo: hakuna mtu anayenunua ng'ombe usiku, kwa kuwa mnunuzi lazima amtazame meno ajue umri wake. Msichana alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mnunuzi alikuwa jirani, naye ng'ombe yule alimfahamu tangu akiwa ndama. Nikamwambia aliandike hilo. Akaongeza sentensi moja, na sentensi hiyo moja ilibadilisha kila kitu katika mistari yake kumi, kwa sababu sasa tulielewa kwamba kila asubuhi baba yule angemwona ng'ombe wake akipita kwenda malishoni na kundi la mtu mwingine.

Mhariri, nimehudhuria semina nyingi za ufundishaji wa lugha, na sijaona somo la uandishi lililo bora kuliko lile lililotokea kati ya watoto wale wawili. Msomaji aliuliza swali la haki, mwandishi akarudi kwenye kazi yake akairekebisha. Hapo ndipo fasihi na uandishi hukutana, na ndiyo maana sikubaliani na desturi ya kuvitenga, fasihi ikawa ya kunakili Jumanne na uandishi ukawa wa barua rasmi na insha za mfano Alhamisi.

Wapo watakaosema kwamba mtoto wa kijijini hawezi kuandika jambo lake katika lugha ambayo si yake. Mkoa huu una jibu. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa Dodoma mwaka 1917, alikuwa Mgogo, na Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake. Hata hivyo ngonjera alizozitunga zilisemwa na watoto wa shule Tanzania nzima. Abdulrazak Gurnah alikulia Zanzibar akizungumza Kiswahili, akaandika riwaya zake kwa Kiingereza, na mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Siwataji ili kusema kwamba kila mwanafunzi wangu atakuwa kama wao. Nawataja kwa sababu kila mmoja wao aliingia katika lugha ya pili akiwa na mambo yake ya kusema, na mambo hayo wanafunzi wangu wanayo tayari.

Najua pia kwamba baadhi ya walimu watashtuka kusikia nimeruhusu Kiswahili katika kipindi cha Kiingereza. Zipo shule ambako mtoto akikutwa anazungumza Kiswahili huvishwa kibao shingoni au hupewa adhabu ya kufyeka, na nia ya utaratibu huo, nakiri, ni kumsaidia aizoee lugha atakayofanyia mitihani. Niliyoyaona mimi ni kinyume chake. Mtoto anayeogopa kibao hujifunza kukaa kimya, na mwanafunzi aliyekaa kimya kwa dakika 80 hana chochote cha kuandika kipindi kinapokwisha. Wanafunzi wangu walibishana kwa Kiswahili, kisha wakaandika kwa Kiingereza, na maandishi yao yalikuwa marefu kuliko yote waliyopata kuniandikia, kwa sababu walikuwa wamekwisha kujua wanataka kusema nini.

Suala la kusahihisha ni zito, na walimu wenzangu wana haki ya kuliuliza. Mistari kumi kwa wanafunzi 68 kila wiki ni kazi ya usiku kucha kama kila kosa litapigiwa mstari kwa wino mwekundu. Mimi husoma madaftari 17 kwa wiki, hivyo kila mtoto hunifikia mara moja katika wiki nne, na katika kila daftari husahihisha jambo moja tu, kwa mfano wakati uliopita, kisha huuliza swali moja kuhusu alichokieleza. Nimegundua kwamba swali hujibiwa. Wino mwekundu wa zamani haukuwahi kujibiwa na mtu.

Lisilo mikononi mwetu sisi walimu ni mtihani. Mtaala wa sekondari umekuwa ukizungumzia umahiri tangu mwaka 2005, na maboresho yaliyoanza kutekelezwa Januari 2024 yameshikilia msimamo huohuo. Lakini swali linalomtaka mtoto ataje dhamira mbili za kitabu alichokisoma linaweza kujibiwa vizuri kabisa na mtoto ambaye hakukisoma. Nawaomba watunzi wa mitihani, kuanzia ile ya wilaya na mkoa tunayoitunga sisi wenyewe, waweke ukurasa mmoja wa hadithi ambayo hakuna aliyepata kuiona, na wamuulize mtoto mambo mawili: kwa nini mtu huyu ametenda hivi, na ni maneno gani katika ukurasa huu yaliyokuonyesha hivyo. Siku swali hilo litakapoanza kuulizwa, kijitabu cha uchambuzi kitakuwa hakina kazi, na wakuu wa shule wataanza kutafuta vitabu vyenyewe.

Vitabu hivyo havihitaji kusubiri bajeti kubwa. Dodoma ya leo si ile ya nilipoanza kazi. Tuna Bunge, wizara, chuo kikuu tangu mwaka 2007, na familia nyingi zilizohamia hapa pamoja na serikali, zikiwa na watoto wanaosoma shule zinazofundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Katika nyumba hizo vipo vitabu vya hadithi ambavyo watoto wamevisoma wakavimaliza, navyo sasa vimefungiwa kabatini. Umbali kutoka katika nyumba hizo mpaka darasani kwangu ni nauli ya daladala moja na mwendo mfupi wa bodaboda.

Ombi langu kwa wasomaji wako wenye vitabu vya namna hiyo, viwe na majalada au vimeng'oka, ni kwamba wavipeleke katika sekondari ya kata iliyo karibu nao, wamkabidhi mwalimu wa Kiingereza mkononi, na wamwombe awaonyeshe rafu vitakapowekwa. Wakirudi baada ya muhula mmoja, waombe pia kuonyeshwa daftari la mwanafunzi mmoja aliyevisoma.

Mwalimu wa sekondari,
Chamwino, Dodoma