Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza: Mabinti wetu watachezea wapi?

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Salaam. Naanza na vipimo, maana malalamiko yasiyopimika najua yanakufikia kila siku. Kiwanja cha netiboli kina urefu wa mita 30.5 na upana wa mita 15.25. Darasa la kawaida la shule zetu ni mita 9 kwa 7. Panga madarasa mawili, weka ofisi ya mwalimu katikati, ongeza baraza kwa mbele: jengo lote linakaa ndani ya kiwanja cha netiboli, na njia ya kupitisha toroli bado inabaki.

Hivyo ndivyo viwanja vya wasichana vinavyopotea, Mheshimiwa. Hakuna kikao kilichokaa kikaamua kwamba mabinti wasicheze. Fedha za ujenzi zinaingia, muda ni mfupi, fundi anafika na futi kamba, anauliza wapi pametambarika. Anaonyeshwa.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha shule za sekondari ndani ya mkoa huu na kote nilikopita nilikabidhiwa netiboli, kwa sababu ile ile inayofanya mwalimu wa kike akabidhiwe pia umatroni na chai ya wageni. Sikulalamika, niliipenda kazi hiyo. Ila imenipa jicho la kuona jambo ambalo wakaguzi wa miradi hawalioni, kwa kuwa wao hufika jengo likiwa limekwisha kupakwa rangi.

Mji wetu ni wa mawe. Anayeujua Isamilo, Mabatini, Bugarika au Igogo anajua kwamba eneo tambarare Mwanza halipatikani hivi hivi, linatengenezwa. Viwanja vingi vya netiboli vilisawazishwa na wanafunzi wenyewe kwa majembe na sururu, kipindi cha elimu ya kujitegemea, wakatoa kokoto, wakamwaga kifusi, wakashindilia kwa miguu. Baada ya hapo kiwanja kikawa ndicho kipande cha ardhi kilicho tayari kuliko vyote shuleni: kimesawazishwa, kipo karibu na madarasa mengine, hakina mti wala jiwe. Mhandisi gani atakiacha?

Mwaka 2021 Serikali ilipopata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, yalijengwa madarasa 15,000 nchi nzima, 12,000 kati yake ya sekondari, kila darasa shilingi milioni 20, ili Januari 2022 watoto wote waliofaulu waanze kidato cha kwanza kwa mkupuo mmoja. Lilikuwa jambo jema na silirudii nyuma. Nimesomesha watoto waliokaa watatu kwenye dawati la wawili, najua maana ya darasa. Lakini ile haraka ilikuwa na gharama ambayo haikuandikwa kwenye taarifa yoyote ya utekelezaji niliyoisoma, na walioilipa ni wasichana.

Shule moja pembezoni mwa jiji, ambayo sitaitaja maana mkuu wake ni mchapakazi na alifanya alichoagizwa, ilikuwa na kiwanja kizuri cha netiboli chenye milingoti ya bomba. Leo pale yapo madarasa mawili yenye vigae vinavyong'aa. Mlingoti mmoja umekwenda kushikilia paa la jiko la shule. Wa pili umechimbiwa mbele ya ofisi, umening'inizwa rimu ya lori, ndiyo kengele. Ile pete ya juu bado ipo, hakuna aliyehangaika kuikata. Siku za michezo wavulana hushuka kwenye uwanja mkubwa wa mpira, na wasichana hubaki wakifagia, wakimwagilia bustani, au wakikaa barazani kusukana. Mgeni akipita atasema mabinti wa siku hizi hawapendi michezo.

Utaniuliza kwa nini basi lisimegwe pembe la uwanja wa mpira. Uwanja kamili wa mita 105 kwa 68 una mita za mraba 7,140, na cha netiboli hakifiki hata 470. Kwa eneo, kimoja cha wavulana ni sawa na viwanja kumi na tano vya wasichana. Lakini jaribu kuligusa hilo pembe. Diwani atakuja, maana ndipo kombe lake linapochezwa. Bodaboda watakuja, ndipo timu yao ya mtaa inapofanya mazoezi jioni. Mikutano ya hadhara hufanyika pale, bonanza hufanyika pale. Uwanja wa mpira una wenyewe, na ni watu wazima wenye kura. Kiwanja cha netiboli kinatetewa na mwalimu mmoja na watoto wa miaka kumi na minne. Ndiyo maana kila ikitafutwa nafasi, inapatikana kwao.

Nisieleweke vibaya kwamba mabinti wanataka netiboli tu. Wapo wanaotaka mpira wa miguu, tena siku hizi ni wengi, na hawajautoa mbali. Alliance Girls ni timu ya hapa hapa Mwanza na inacheza Ligi Kuu ya Wanawake. Mwaka 2022 Serengeti Girls walikwenda India kwenye Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17, wakaifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare ya 1-1 na Canada, wakafika robo fainali kabla ya kutolewa na Colombia. Tukumbuke pia kwamba mmoja wa Watanzania wa mwanzo kabisa kuleta medali ya kimataifa nyumbani alikuwa mwanamke, Theresia Dismas, aliyepata ya fedha kwa kurusha mkuki kwenye Michezo ya Afrika, Brazzaville, mwaka 1965. Vipaji havijawahi kuwa tatizo la nchi hii.

Tatizo la mpira wa miguu kwa wasichana mashuleni ni saa. Uwanja upo, ila ratiba yake ipo kichwani mwa kapteni wa wavulana. Saa kumi jioni, jua likipoa na upepo wa ziwa ukianza kupanda, uwanja ni wa wavulana. Wasichana wakiomba huambiwa waje saa nane, jua likiwa utosini, na hata hiyo saa nane wapo zamu ya usafi au wametumwa maji. Wakipata nusu saa wanapewa upande wa goli moja, huku wavulana wakipiga mashuti upande wa pili na mipira ikiwapita masikioni. Nimewahi kusikia mwalimu mwenzangu akisema mabinti hawana pumzi. Pumzi ya saa nane mchana Mwanza hana mtu.

Jambo la tatu ni la aibu kidogo kuliandika, lakini nimeshastaafu. Wasichana hawana pa kubadilishia nguo. Mvulana anavua shati pembeni ya uwanja, anavaa jezi, maisha yanaendelea. Msichana je? Nenda kwenye mashindano ya kata au ya wilaya uone: wasichana wanne wanashika kanga mbili nyuma ya darasa, mwenzao anaingia katikati, anabadilisha haraka haraka, anatoka, anashika yeye kanga na mwingine anaingia. Timu ya netiboli ni wachezaji saba uwanjani, ukiacha wa akiba. Piga hesabu ya muda huo, halafu ongeza wavulana wanaojipitisha makusudi. Msichana aliye kwenye siku zake hataingia hapo hata umpe nini. Atasema kichwa kinamuuma, na mwalimu ataandika kwenye daftari: mgonjwa. Mabinti wa Ukerewe ndio nawaonea huruma zaidi, wanavuka ziwa kutoka Nansio, wanafika wamechoka na chumvi ya jasho mwilini, wanalala kwenye madarasa, na pa kuoga wanaonyeshwa kichaka.

Na vyumba vipo, Mheshimiwa, hapo ndipo ninapochoka. Vyoo vipya vya wasichana vinavyojengwa siku hizi vina chumba maalumu cha kujisitiri, chenye sehemu ya maji. Ni wazo zuri sana. Ukipita shule ukauliza ufunguo, mara nyingi utaambiwa yuko nao mwalimu fulani ambaye hayupo, na kikifunguliwa unakuta majembe, mifuko ya saruji iliyoganda na viti vibovu.

Kwa upande wa vyoo tumeshakubaliana zamani kwamba haki si lazima iwe nusu kwa nusu. Kipimo cha Serikali ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, kwa sababu mahitaji hayafanani. Hakuna mzazi aliyeandamana kupinga. Kwa nini tukitoka chooni kwenda uwanjani akili hiyo tunaiacha mlangoni?

Wenzetu Marekani walitunga sheria ya elimu mwaka 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika shule zinazopokea fedha za serikali yao kuu. Sina haja ya kuiga kila kitu chao, na michezo ya shule zao ina fedha ambazo sisi hatuna hata za kuota. Kilichonivutia ni kwamba kanuni zao hazikuishia kuuliza kama shule ina timu ya wasichana. Zinauliza viwanja vya mazoezi na vya mechi, vyumba vya kubadilishia nguo, vifaa, na saa wanazopangiwa. Ni yale yale niliyokuandikia hapo juu. Kwetu Ibara ya 13 ya Katiba inatosha kuanzia, kama kuna atakayeisoma akiwa na ramani ya shule mkononi.

Sikuombi stediamu. Najua masikio ya wengi yako kwenye AFCON 2027 tutakayoandaa na Kenya na Uganda, na fedha kubwa za michezo zimeelekea huko. Ninachokiomba kinaweza kufanywa na halmashauri zako nane bila mfadhili. Shule ikipata fedha za darasa na ikalazimika kujenga juu ya kiwanja cha wasichana, basi kiwanja kingine kisawazishwe kwanza, kabla msingi haujachimbwa, na gharama yake iingie kwenye makisio ya jengo lile lile. Milingoti miwili ya mita 3.05 na pete zake ni kazi ya siku moja ya fundi wa kuchomelea, na kifusi ni tripu chache za lori. Ukilinganisha na milioni 20 za darasa moja, mhasibu hatashtuka. Na kama hakuna ardhi kabisa, limegwe pembe la uwanja mkubwa, na ofisi yako imwambie diwani.

Uwanja wa mpira uwe na ratiba iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo, yenye siku za wasichana za saa kumi, isainiwe na mkuu wa shule. Wadhibiti ubora wakifika waiombe kama wanavyoomba andalio la somo. Chumba cha kujisitiri kiwe wazi siku za michezo na ufunguo akae nao kiranja wa kike. Hili la mwisho halihitaji hata shilingi moja, linahitaji mtu wa kuhamisha saruji iliyoganda.

Mwanza imewahi kuwa mwenyeji wa mashindano ya shule ya taifa, na tulisifiwa kwa ukarimu wetu. Kila mwaka kabla ya UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya shule za msingi na za sekondari, utasikia maofisa michezo wakihangaika kutafuta mabinti wa kuunda timu ya mkoa, wakiwakusanya wiki mbili tatu kabla, wengine hawajawahi kudaka mpira kwenye kiwanja chenye mistari. Wakifungwa tunasema maandalizi hayakutosha.

Halmashauri zitaleta bajeti zao kwenye Kamati ya Ushauri ya Mkoa kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza Julai Mosi, na wewe ndiye mwenyekiti. Vitabu vitakuwa vinene na muda utakuwa mfupi. Mheshimiwa, kwenye kila mradi wa jengo la shule naomba liongezwe swali moja tu, lijibiwe kwa maandishi na aliyeidhinisha eneo: hapa mnapotaka kuchimba msingi, sasa hivi pana nini, na nani anapatumia?

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu,
Nyakato, Mwanza