Barua ya Wazi kwa Vijana Wanaopiga Muziki Katika Harusi za Tanga

Wanangu madijei wa Ngamiani, Makorora, Chumbageni na mitaa mingine ya Tanga,

Assalaam aleikum. Nimeona niwaandikie hadharani kwa kuwa jambo lenyewe hutendeka hadharani, katika sherehe zetu za kila wiki. Imekuwa desturi nyimbo za wazee kupigwa mapema, wakati watu bado wanaingia na kutafuta viti, na mara tu bibi na babu wanapotulia ili wasikilize, muziki hugeuzwa na habari yao ikaishia hapo hadi usiku. Mkiulizwa, mnajibu kwamba nyimbo zile ni za kale na haziinui watu. Mimi nasema zinainua, ila hamjawapa wahusika nafasi ya kuinuka.

Kupenda muziki wa ujanani si ukaidi wa uzee. Mwaka 1989 Morris Holbrook na Robert Schindler, wataalamu wa Marekani, walichapisha utafiti ambamo watu wa rika mbalimbali walisikilizishwa nyimbo zilizovuma kati ya 1932 na 1986, na ikaonekana kwamba kwa wastani mtu huupenda zaidi muziki uliovuma alipokuwa na umri wa miaka 24 hivi. Wanaochunguza kumbukumbu nao wamekuta mara nyingi kwamba mtu mzima akitakiwa kusimulia maisha yake, mambo yaliyompata kati ya umri wa miaka 10 na 30 humjia kwa wingi usio wa kawaida. Huo ndio wakati mtu anapopata kazi, anapochumbia au kuchumbiwa, anapoanza kujijua yeye ni nani. Na wimbo uliokuwa ukisikika siku hizo hushikamana na mambo hayo, hata akiusikia uzeeni humrudia pamoja nayo.

Hapa kwetu kuna sababu nyingine, nayo ni nzito. Vijana wa Tanga wa miaka ya 1960 na 1970 walikuwa na muziki uliozaliwa mjini mwao: Jamhuri Jazz na Atomic Jazz kwa upande wa dansi, Black Star na Lucky Star kwa upande wa taarabu. Vikundi hivi viwili vya taarabu havikufuata tu mtindo wa Unguja wenye fidla nyingi na ganuni, bali vilitia gitaa na besi, vikachangamsha mapigo kwa ladha ya dansi, na namna hiyo ya Tanga ikasikika hadi Mombasa. Humo ndimo ilimovuma sauti ya Shakila Saidi, aliyetutoka mwaka 2016, Mwenyezi Mungu amrehemu. Tena kumbukeni kwamba Tanzania Bara ilitegemea redio moja ya taifa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa hiyo wimbo mmoja uliweza kusikika jioni ileile kwa karani wa bandari, kwa mvuvi na kwa mkata mkonge. Mkipiga wimbo wa namna hiyo, rika zima linausikia kuwa ni wake, jambo ambalo ni gumu kwa vijana wa leo ambao kila mmoja ana simu yake na nyimbo zake masikioni.

Sisemi kwamba muziki wetu ni bora kuliko wenu. Wazee wenzangu wanaodai kuwa muziki umekwisha wanakosea, kwani singeli inayowakera leo ndiyo itakayowatoa machozi vijana hawa watakapokuwa na wajukuu. Wala watoto wanaokimbiakimbia ukumbini si wa kusahauliwa: mwaka 2013 Carol Lynne Krumhansl wa Chuo Kikuu cha Cornell, pamoja na mwenzake, walionyesha kwamba vijana wa miaka 20 hivi walizikumbuka na kuzipenda pia nyimbo za wakati wazazi wao walipokuwa vijana, bila shaka kwa kuwa walizisikia nyumbani.

Kwa hiyo, kabla ya shughuli waulizeni wenyeji wageni wao wakubwa wamezaliwa lini, kisha hesabuni. Aliyezaliwa 1950 mtafutieni nyimbo za 1965 hadi 1975. Aliyezaliwa 1985 ni mtu wa bongo fleva ya 2000 hadi 2010, naye pia msimsahau. Nyimbo za wazee ziwekeni katikati, baada ya chakula, tena zifuatane tatu au nne, kwa maana mtu wa miaka 70 hainuki kwa wimbo wa kwanza. Punguzeni besi ya spika, kwani rekodi zile zikizidishiwa mdundo maneno hayasikiki, na taarabu ni maneno. Zaidi ya yote, msiukate wimbo wa taarabu njiani. Anayetaka kutunza husubiri ubeti unaomgusa, na huenda ubeti huo ndio wa mwisho.

Mzee wenu,
Ngamiani, Tanga