Barua kwa wajukuu zangu wa kidato cha tano mnaosoma BAM (Basic Applied Mathematics, somo la hesabu)

Wajukuu zangu,

Jumamosi iliyopita mlikaa sita barazani kwangu na madaftari ya BAM, mimi nikiwa dirishani na redio yangu. Kwa saa mbili nzima sikumsikia hata mmoja akiuliza "kwa nini". Nilisikia "hamisha", "kata", "kariri hiyo, inatoka kila mwaka". Likija swali gumu, linapigwa picha kwa simu, jibu linashuka, sita wote mnanakili. Mlipoaga niliitikia shingo upande, maana nilikuwa nimeshaliona daftari lililobaki wazi mkekani. Limeandikwa:

(a + b)² = a² + b²

Nimefundisha hesabu miaka 31 na hakuna kosa lililonichosha kama hilo. Linatoka kidato cha pili, linapanda nanyi hadi cha tano, na hakuna anayelisimamisha njiani.

Chukueni kiwanja cha mraba, mita 20 kwa 20. Mwenyewe anaongeza mita 3 kwenye urefu na 3 kwenye upana. Sasa ni 23 kwa 23, mita za mraba 529. Kwa daftari lile ni 400 na 9, yaani 409. Mita 120 zimekwenda wapi? Choreni! Pembeni mna vipande viwili virefu, kila kimoja 20 kwa 3, 60 na 60. Hiyo ndiyo 2ab mnayoikariri bila kuijua sura. Ukiuza ardhi kwa kanuni yako umegawa mita 120 bure.

Hata neno aljebra limetoka katika jina la kitabu cha al-Khwarizmi, mwanahisabati aliyekuwa Baghdad karne ya 9, na yeye alichora. Alipokuwa na x² + 10x = 39, alichukua mraba wa x, akaubandika vipande viwili vyenye upana wa 5, akaona kona moja imebaki wazi. Kona hiyo ni 25. Akaijaza, mraba wote ukawa 39 na 25, yaani 64, upande wake 8, basi x ni 3. Kukamilisha mraba ni huko, kujaza kona. Jibu la -13 hakulitaja, kwa kuwa upande wa mraba hauwi hasi. Ninyi mnaulizwa yote mawili, andikeni yote mawili.

Kwenye fankisheni ugonjwa ni uleule. Mmoja wenu alisema kwa sauti kwamba f(2 + 3) ni f(2) + f(3). Tuseme f ni nauli: bodaboda anatoza 1000 ya kupanda, kisha 500 kwa kila kilomita. Kilomita 2 ni 2000, kilomita 3 ni 2500, kilomita 5 ni 3500. Wewe umelipa 4500, umepanda mara mbili kwa safari moja. f(x) si f mara x. Ni amri: chukua x, ifanyie hivi.

Mengine nayataja tu. Alama ya kutoa mbele ya mabano hugeuza kila alama iliyo ndani. Usigawe kwa herufi inayoweza kuwa sifuri. Kwenye (x + 3)/x hakuna cha kukata. Ukiwa na shaka na hatua yoyote, weka namba uone kama pande mbili zinalingana.

Najua lawama si zenu peke yenu, wanangu. Wengi wenu mlisoma hesabu miaka saba kwa Kiswahili, mkavuka kidato cha kwanza mkakuta kila kitu kimebadilishwa jina. Mtoto asiye na maneno ya kuulizia atakariri, afanye nini? Na sisi wazazi tunachangia. Mtoto akileta sifuri ya hesabu tunacheka, "hata mimi sikuziweza". Mbona hatucheki asipojua kusoma? Hiyo "sikuziweza" yetu ndiyo inayomfunga mtoto kabla mwalimu hajashika chaki. Tuiache.

Jumamosi ijayo baada ya alasiri nitakuwa barazani. Leteni penseli na rula, simu ziacheni nyumbani. Nataka mnichoree (a − b)², na mmoja anioneshe kwa kidole kwa nini b² ya mwisho inajumlishwa ilhali kiwanja kimepunguzwa.

Babu yenu